Kwa Mwendo wa Watoto

Sisi akina mama wa kwaya hapa Bugarama tulikuwa tukirudi kutoka mkutano wa akina mama, tukishukia Isaka ili tupate gari la kutufikisha nyumbani. Katika stesheni moja ya njiani, ambayo hatutaitaja, ilitupasa kubadili treni. Lango lilifunguliwa nusu tu. Saa ya kuondoka ilikuwa imekaribia, na kila abiria alitaka kuwahi kiti. Tulisukumwa kutoka nyuma mpaka baadhi yetu hatukuikanyaga ardhi. Mwenzetu aliyebeba mtoto mgongoni alijikwaa kwenye ngazi akaanguka. Wawili wetu walimshika kitenge wakamvuta juu. Mtoto alilia kwa nguvu, nasi tukamshukuru Mungu kwa kilio kile, maana kilitujulisha kwamba anapumua.

Kwa muda mrefu tulipolisimulia jambo hilo tulilaumu watu. Tulisema siku hizi hakuna adabu. Kumbe lawama yetu haikuwa kamili. Kijana wetu mmoja anayesomea uhandisi alipokuja likizo alituuliza, "Mama zangu, lango lile lilikuwa na upana gani?" Hakuna aliyejua.

Akatueleza kwamba wahandisi siku hizi, kabla ya kujenga stesheni, huijenga kwanza ndani ya kompyuta. Kisha huingiza humo watu wa mfano, kila mmoja na mwendo wake na mahali anapokwenda, wakawatazama wanavyopita. Wakiona wanasongamana penye ngazi, huzipanua au huongeza mlango. Hapo hakuna aliyeumia, wala saruji haijamwagwa. Mwaka 1995 wataalamu wawili, Dirk Helbing na Péter Molnár, walieleza kwa hesabu jinsi mtu anavyotembea penye watu: anavutwa na kule aendako, na wakati huohuo anajiepusha na ukuta na wenzake. Mwaka 2000 Helbing na wenzake wengine wakaonyesha kwamba watu wakizidi kuukimbilia mlango mmoja, hutoka polepole zaidi.

Hilo tulilielewa upesi. Mama anayetia mbegu za maharage kwenye chupa kwa faneli anajua: ukizimimina zote kwa pamoja, zinashikana na kuziba. Ukizimimina kidogo kidogo, zote zinapita.

Lakini kilichotuhuzunisha ni habari ya London. Tarehe 3 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu walikuwa wakiteremka kujikinga na mabomu katika stesheni ya chini ya ardhi ya Bethnal Green. Ngazi zilikuwa na giza, wala hazikuwa na kishikio katikati. Mwanamke mmoja, ambaye inasimuliwa alikuwa na mtoto, alianguka karibu na mwisho wa ngazi. Waliomfuata wakaanguka juu yake, na walio nyuma hawakujua, wakaendelea kuteremka. Watu 173 walikufa. Kati yao 84 walikuwa wanawake na 62 watoto. Hakuna bomu lililoanguka pale usiku ule. Vishikio viliwekwa baadaye.

Tulinyamaza, kwa sababu kila mmoja wetu alimkumbuka mwenzetu na kitenge chake.

Wapendwa, neno hilo "baadaye" ndilo linalotusumbua. Mwaka 2024 treni za reli mpya ya SGR zilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Kwetu huku, ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulizinduliwa mwaka 2021. Tunafurahi. Ila tunawaomba wanaochora stesheni, wanapowaweka watu wa mfano katika kompyuta zao, wasiweke vijana wenye mkoba mmoja tu. Wamweke mama mwenye mtoto mgongoni, mwingine mkononi na furushi kichwani. Wamweke bibi mwenye mkongojo na ndugu asiyeona. Mlango ukiwatosha hao, utawatosha wote.

Yakobo alilijua jambo hili. Katika Mwanzo sura ya 33, Esau alipotaka waongozane, Yakobo alimweleza kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Mifugo ikiharakishwa siku moja tu, itakufa. Akachagua kwenda polepole, kwa mwendo wa watoto.

Wala tusiwaachie wahandisi peke yao. Tarehe 1 Februari 2020, katika mkutano wa maombi mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokimbilia mafuta ya upako. Walikuwa wamekuja kuomba, kama sisi. Baada ya kuyatafakari haya tulikwenda kwa wazee wa kanisa letu. Kulikuwa na mlango wa pembeni uliofungwa miaka mingi, umezibwa na mabenchi mabovu. Tuliyatoa, tukautia mafuta kwenye bawaba. Sasa hufunguliwa kila ibada, na wazee na wenye watoto hutoka kwanza huku kwaya ikiimba.

Mama msomaji, Jumapili hii utakapoketi kanisani, tazama nyuma yako. Milango iko mingapi, na mingapi imefunguliwa?