Maji Chini ya Kaburi la Mama: Safari ya Nyanda za Ohio



Ndugu zangu katika imani, leo nawaomba tusafiri pamoja mbali na bahari yetu. Siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 2022 nilikuwa mgeni mjini Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Mwenyeji wangu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, binti wa familia ya Kibarawa iliyokimbia vita vya Somalia mwaka 1991 na kupata hifadhi Mombasa. Nilimsomesha Juzuu Amma akiwa na umri wa miaka saba. Leo ni mama wa watoto wanne, na yeye na mumewe walinipokea kama baba yao.

Usiku wa kwanza mvua ilinyesha kwa utulivu, bila radi. Nikiwa kitandani nilisikia mtambo ukinguruma chini ya sakafu, ukanyamaza, kisha ukanguruma tena. Baada ya sala ya Alfajiri mume akanieleza kuwa ile ni pampu. Nyumba nyingi za huko zina chumba chini ya ardhi, na katika pembe ya chumba hicho huchimbwa kisima kidogo. Maji ya ardhini hujikusanya humo, na yakifika kimo fulani pampu huyavuta na kuyatoa nje. Nilistaajabu, kwa kuwa nyumba ile haikuwa bondeni wala kando ya mto.

Binti yule alikuwa akimimina chai. Akaiweka birika chini, akasema, "Maalim, maji hayo ndiyo yaliyomfika mama."

Mama yake nilimjua vizuri. Alikuwa mwanamke mpole, na kila tukihitimisha alitupelekea madrasani sahani ya mkate wa sinia. Alifariki Columbus mwezi wa Februari mwaka 2020. Wanaume walipochimba kaburi, maji yalianza kuchuruzika kutoka katika kuta za shimo. Wakayateka kwa ndoo, yakarudi. Mwisho walimzika ndani ya sanduku, bila mwanandani, na kaka yake aliporudi nyumbani akamweleza kila kitu. Tangu siku hiyo, kila pampu ilipolia usiku, binti huyu alikuwa hapati usingizi.

"Mama alizoea mchanga mkavu wa Barawa," akaniambia. "Je, tumemdhulumu? Tumfukue, tumhamishie kwingine?"

Sikumjibu papo hapo. Mwenye kuulizwa jambo la ardhi ni wajibu aione ardhi kwanza.

Siku ya pili tulikwenda makaburini, magharibi ya mji. Pande zote ni tambarare. Kwa jicho la mtu wa Pwani, ardhi ile imelala kama mkeka uliotandikwa. Mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa yameshavunwa, mabua yamebaki, na baina ya mistari yalituama madimbwi yanayoakisi mbingu. Kando ya makaburi kuna shamba la mzee mmoja ambaye ukoo wake umelima hapo kwa vizazi. Mume wa binti yule alimweleza haja yetu, naye bila kusita akachukua sepetu na kutuchimbia shimo mpakani mwa shamba lake.

Shubiri ya kwanza ilikuwa udongo laini wa kahawia iliyokoza, unaopendeza kuushika. Chini yake ukabadilika: ukawa mzito, wenye mfinyanzi mwingi, na rangi yake ikawa ya madoadoa, hapa kijivu, pale nyekundu ya kutu. Hazikufika shubiri tatu maji yakaanza kutoka ubavuni mwa shimo, sawa na ilivyosimuliwa. Mzee akaendelea mpaka karibu mita moja, na hapo sepetu ikagota. Alifikia udongo mgumu uliochanganyika na mawe madogo, ulioshikana kama sakafu iliyoshindiliwa. Akautonea siki, ukatoa povu. Nikakumbuka mawe yetu ya matumbawe na chokaa yake, kwa kuwa nayo hutoa povu vivyo hivyo.

Mzee akatufafanulia. Yapata miaka 20,000 iliyopita nchi ile yote ilifunikwa na barafu iliyotoka kaskazini, upande wa Kanada, yenye unene wa mamia ya mita. Barafu hiyo haikukaa tuli. Ilitembea polepole, ikisaga miamba ya chokaa njiani na kukokota mawe, mchanga na mfinyanzi, kisha ikavikandamiza chini ya uzito wake. Ilipoyeyuka iliacha kifusi hicho kimetandazika, na upepo ukaja kukifunika kwa vumbi laini. Juu yake ikaota misitu, na kwa maelfu ya miaka majani na mizizi yakaufanya ule udongo wa juu tuuonao.

Hapo ndipo ilipo siri ya maji yale. Mvua na theluji iliyoyeyuka huteremka kwa urahisi katika tabaka la juu, zikapunguza mwendo ndani ya mfinyanzi, kisha zikazuiwa na ile sakafu iliyokandamizwa na barafu. Kwa kuwa ardhi ni tambarare, maji hayana mteremko wa kuyapeleka pembeni. Hivyo kuanzia Januari hadi Aprili, wakati miti haina majani ya kuyanywa, husimama sentimita 15 hadi 60 tu kutoka juu. Kiangazi kikija hushuka, na mgeni anaweza kuapa kwamba ardhi ile ni kavu.

Lakini rangi haisahau. Maji yanapojaza vitundu vya udongo, hewa hutoka, na chuma kilichomo huyeyuka na kuhama, nyuma kikabaki kijivu. Hewa inaporudi, chuma hushika kutu, na wekundu ukaonekana. Madoa hayo ni daftari la maji, hata ukichimba mwezi wa Agosti. Wapima udongo wa Marekani hupanga ardhi katika madaraja 7 kwa jinsi inavyopitisha maji, kuanzia ile isiyoshika maji hata kidogo hadi ile ya kinamasi. Udongo huu, nao wameupa jina la Crosby, ni wa daraja la 5: si kinamasi, wala haukauki kwa wakati.

Nilimuuliza mzee vipi basi anavuna mahindi na soya kwa wingi hivyo. Akacheka, akanionyesha mdomo wa bomba likimwaga maji mtaroni. Chini ya shamba lake, karibu mita moja kwenda chini, kuna mistari ya mabomba. Wazee wake walilaza vigae vya udongo wa kuchoma, kimoja baada ya kimoja, kwa mikono. Yeye ametumia mabomba ya plastiki yenye matundu. Waswahili husema vyaelea vimeundwa. Neema ile yote ya juu imesimama juu ya kazi isiyoonekana. Nayo ina gharama yake, kwani maji yatokayo kwa haraka hubeba mbolea hadi mitoni.

Nilirudi garini, alipokuwa binti yule na watoto wake, na bonge la udongo mkononi. Nikamwonyesha kijivu na kutu, nikamweleza ya barafu. Kisha nikamjibu swali lake.

Nilimwambia: mwanangu, mwanandani ni sunna pale ardhi inapokuwa ngumu na yenye kushikana, na ndivyo alivyozikwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Ardhi ikiwa laini yenye kuporomoka, shimo la katikati ndilo bora. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamechukia kumzika maiti ndani ya sanduku, ila wakaitoa ardhi laini au yenye unyevu. Walikwishaifikiria ardhi kama hii. Lililo wajibu ni shimo lenye kuzuia harufu na kumhifadhi maiti na wanyama, na hilo kaka zako walilitimiza, kwa baridi ile na kwa ndoo mkononi. Hamkumdhulumu. Kufukua kaburi bila dharura ni haramu, na unyevu wa msimu unaoenea nchi nzima sioni kuwa ni dharura. Muachie mama yako apumzike, umzidishie dua.

Alilia kwa muda, kisha akaniomba lile bonge. Akalifunga katika leso.

Hata hivyo yaliyopita yana funzo. Jumuiya yao ilikuwa ikitafuta kiwanja kipya cha makaburi, na wengi walivutiwa na kile cha bei rahisi kilicho tambarare kabisa. Niliwasihi wachimbe mashimo ya majaribio mwezi huo huo wa Machi, si wakati wa kiangazi, na wautazame udongo kwa rangi zake. Mwinuko wa mita moja au mbili, ambao jicho huudharau, waweza kutenganisha kaburi kavu na kaburi la maji. Na kama hapana budi kununua tambarare, basi mabomba yatangulie maiti.

Nasi wa Pwani tusijione tumesalimika. Ardhi yetu ya matumbawe huyameza maji upesi, lakini huyameza pamoja na uchafu wa vyoo tulivyovichimba karibu na visima. Kila ardhi ina tabia yake, na tumeumbwa kwa udongo wa kila rangi. Tuijue tabia hiyo kabla ya kujenga, kuchimba kisima, au kumlaza mpendwa wetu.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule, ayanawirishe makaburi ya wazazi wetu popote walipolala, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.