Lubumbashi: Pomadi ya midomo inayosifiwa yajaribiwa siku saba

Tangu mwezi wa tano mvua imekatika Lubumbashi. Baridi ya asubuhi na vumbi vinapasua midomo ya wakaaji, na pomadi moja ya mentoli inasifiwa sana sokoni na kwenye WhatsApp. Kikopo kimoja ni bei ya unga wa siku nzima.

Mama mmoja muuza mboga wa komini ya Katuba alikinunua, maana midomo ilimtoka damu kila alipoita wateja. Siku ya kwanza alisikia ubaridi, akasema amepona. Siku ya tatu midomo iliwaka, naye akazidi kuilamba. Siku ya saba nyufa zilikuwa palepale.

Mentoli huleta ubaridi tu, na midomo iliyopasuka huichokoza. Mate nayo yakikauka huiacha mikavu zaidi. Midomo haitoi mafuta yake yenyewe kama ngozi ya uso. Inahitaji kitu kizito cha kuifunika ili unyevu usitoke.

Jirani alimpa vazelini ya kawaida, ile ya kupaka watoto. Anaipaka kabla ya kulala na kabla ya kwenda soko. Sasa anaita wateja bila taabu, na pesa ya kikopo cha pili amenunulia unga.