Sifa Iliyoanza kwa Tusi

Maneno ni mfano wa majahazi: hupakia shehena bandari moja, yakaishusha bandari nyingine imeshabadilika. Katika Kiingereza, ni chache sifa zilizosafiri mbali mithili ya "nice", neno ambalo mtoto wa skuli hufundishwa mapema kuwa maana yake ni "-zuri", kisha akaliweka kwenye kila kitu: chakula, nyumba, mtu, hata shairi.

Asili yake ni Kilatini, "nescius", yaani asiyejua. Lilipita katika Kifaransa cha kale, likaingia Uingereza kiasi cha mwaka 1300 likiwa na maana ya mpumbavu. Aliyeitwa hivyo zama hizo alikuwa ametukanwa. Baadaye likawa sifa ya mtu mwenye haya nyingi, kisha ya mchaguzi asiyeridhika upesi, kisha ya jambo jembamba lisiloonekana ila kwa jicho kali. Ni katika karne ya 18 ndipo lilipozoeleka kwa maana ya kupendeza.

Asiyeijua safari hiyo huweza kupotea. Katika tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, Cassius anamtetea mtu aliyekula rushwa. Anamlalamikia Brutus kuwa wakati wa vita si wakati wa kufuatilia kila kosa, na kosa hilo analipa sifa ya "nice". Mfasiri wa pupa angeandika "kosa zuri", ilhali maana yake hapo ni kosa dogo, lisilo na uzito. Na ugomvi wote wa wawili hao umesimama juu ya neno hilo: kwa Cassius rushwa ni jambo dogo, kwa Brutus ni doa linaloharibu sababu yenyewe ya kumuua Kaisari.

Jane Austen naye aliliona neno hili likichakaa. Katika riwaya yake Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya kufa kwake, kijana Henry Tilney anamtania Catherine kwa kulitumia kusifia kitabu. Kwa Henry, neno hilo zamani lilihusu unadhifu na usafi wa ladha, na sasa limekuwa la kila kitu. Utani wake ni mtamu, lakini naye hakufika kwenye chimbuko. Aliishia katikati ya njia, akaidhania kuwa ndiyo mwanzo. Angeendelea nyuma kidogo, angelikuta tusi.

Basi kuhama kwa neno si dhambi. Kiswahili nacho kimehamisha mengi. "Safi", lililotoka Kiarabuni likiwa na maana ya kisichochanganyika na uchafu, leo ni jibu la "habari gani?" "Barabara", la Kiajemi, lilikuwa usawa kabla ya kuwa sifa ya jambo lililofanywa sawasawa. Dhambi ni uvivu wa msemaji anayelitafuta neno lililo karibu na mkono wake, badala ya lililo karibu na kitu anachokisifu.

Uvivu huo humdhuru mshairi kuliko mtu yeyote. Kijana anayesoma utungo wake barazani, akaambiwa "nzuri" na wote, huondoka mikono mitupu. Hakuambiwa iwapo mizani imetimia na kina cha kati kimetua, wala kama ubeti wa tatu umekatika muwala au fumbo lake limefumbika kiasi cha kufumbuka. Amepewa heshima, hakupewa elimu. Na mtunzi anayeheshimiwa bila kuelimishwa hubaki pale pale alipo, akidhani amefika. Sifa ya namna hiyo humrudisha neno lilikoanzia: kwa asiyejua.