Ngano Isiyolimwa kwa Tingatinga

Mpenzi msomaji, kuna vitu ambavyo mtu akivipenda utotoni huviweka moyoni kama akiba. Siku akivirudia ukubwani, hupata moja kati ya mambo mawili: ama akiba imepungua, ama imezaa. Mhariri wa jarida hili aliponiomba mimi, mwanachama wa zamani wa Chama cha Kiswahili, niandike machache, sikwenda mbali kutafuta mada. Nitawasimulia juu ya kipindi cha vibonzo nilichokipenda nikiwa mtoto, Tinga Tinga Tales, na yaliyonipata nilipokitazama tena nikiwa mtu mzima.

Jina la kipindi hicho ndilo lililotukimbiza kwenda kukitazama. Hapa Timau, penye mashamba ya ngano na shayiri yanayopanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, tingatinga ni trekta, basi. Hakuna maana nyingine. Mwaka 2011 nilikuwa na umri wa miaka saba. Binamu yangu aliponinong'oneza kwamba kwa mjomba kuna kipindi cha Tingatinga kwenye runinga, nilitoka mbio nikitarajia kuona magurudumu makubwa na moshi mweusi. Lo! Badala ya trekta akatokea kima mwekundu, akaanza kutusimulia habari za wanyama. Kwa muda wa dakika mbili hivi nilikasirika. Kisha nikakaa chini, na sikuinuka tena.

Baadaye sana ndipo nilipojua jina lilikotoka. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora ndege na wanyama juu ya mbao bapa akitumia rangi za kupaka baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi, akafa. Alichora kwa miaka michache tu, lakini wanafunzi wake waliuendeleza mtindo wake hata ukaenea duniani. Mwingereza Claudia Lloyd alipobuni kipindi cha watoto kwa michoro ya namna hiyo, kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza ilishirikiana na Homeboyz ya Nairobi, na mafundi wa Kenya wakawatia wanyama hao uhai papo hapo jijini Nairobi. Mwanamuziki wetu Eric Wainaina alihusika katika muziki wake. Kule Uingereza kilianza kuonyeshwa Februari 2010, na sehemu zake ni 52.

Kila sehemu hujibu swali moja. Kwa nini ndovu ana mkonga? Kwa nini nyoka hana miguu? Kwa nini kiboko hana nywele? Kwa nini gamba la kobe limepasukapasuka? Wewe uliyesoma fasihi simulizi umekwisha kutambua: hizi ni ngano za usuli, au visaviini kama walimu wetu wanavyoziita. Hazina mwenyewe mmoja. Ngano ya kobe aliyekwenda karamuni mbinguni akarudi na gamba lililovunjika inasimuliwa pembe nyingi za Afrika. Chinua Achebe aliitia katika riwaya yake ya mwaka 1958, ile ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kila msimulizi huipokea, akaitia chumvi ya kwao, akaipitisha mbele.

Sasa nije nyumbani. Siku za soko nyanya yangu alishuka kutoka shambani na viazi na kabeji, akauza, kisha akaja kupumzika kwa mjomba kabla ya kurudi. Alitukuta tumejibanza mbele ya runinga. Kipindi kilikuwa kwa Kiingereza, naye alijua Kimeru na Kiswahili cha sokoni, basi mimi nikawa mkalimani wake.

"Anasema nini huyo ndovu?" aliniuliza siku moja.

"Anasema ana njaa, nyanya."

"Hiyo nayo ni habari?"

Watu wazima wote sebuleni waliangua kicheko. Sisi watoto tulicheka pia, ingawa tulicheka kwa kuona wengine wanacheka. Ili na wewe ucheke, yafaa nikueleze shamba la nyanya lilikuwa wapi.

Lilikuwa upande wa juu, kwenye mapito ya ndovu. Tangu jadi ndovu huteremka kutoka msitu wa Mlima Kenya kwenda msitu wa Ngare Ndare na nyanda za Lewa, na wengine huendelea mpaka Samburu. Kisha hupanda tena. Katikati ya safari hiyo sisi binadamu tumeweka mashamba, nyua, na barabara kuu ya kutoka Nanyuki kwenda Meru. Usiku watu walikesha wakipiga mikebe na kuwasha mioto. Asubuhi watoto walisubiri mtu mzima atangulie kuangalia njia, ndipo waende shuleni. Usiku mmoja, kabla sijaanza shule, ndovu waliingia kwa nyanya wakamaliza mahindi na viazi vyote, vingine kwa kula na vingine kwa kukanyaga. Mavuno hayo ndiyo yaliyokuwa karo ya mama yangu mdogo. Alikaa nyumbani muhula ule, akakaa na uliofuata, na hakurudi shuleni tena. Nyanya alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo: "Ndovu alikula kidato cha tatu cha binti yangu." Hakuusema kwa kilio. Aliusema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Mwaka ule ule wa 2011, tulipokuwa tukitazama kipindi, jambo jipya lilitokea hapa kwetu. Ushoroba wa ndovu, yaani ujia wao maalumu wenye urefu wa kilomita 14 hivi na ua pande zote mbili, ulifunguliwa, na mahali unapokutana na barabara kuu palijengwa njia ya kupita chini. Magari juu, ndovu chini. Ndovu dume aliyeitwa Tony ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita. Mwaka 2013 UNESCO ikaongeza Lewa na Ngare Ndare katika eneo la Mlima Kenya la Urithi wa Dunia. Lakini hayo ya UNESCO hatukuyasikia sebuleni kwa mjomba. Tulichosikia ni nyanya, siku moja kipindi kilipokwisha, akisema: "Huyo kima amesahau moja. Hajawaambia kwa nini ndovu hupita chini ya barabara."

"Kwa nini, nyanya?"

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Akatwambia kwamba hapo zamani Ndovu wa mlimani alikuwa na dada yake aliyeolewa kule bondeni, na kila kiangazi alikwenda kumjulia hali. Watu walipofika walimwuliza kwa heshima, "Bwana mkubwa, njia yako ni ipi, ili tusilime juu yake?" Ndovu akajibu, "Kila ninapokanyaga ni njia yangu." Watu nao wakasema, "Kila tunapolima ni shamba letu." Wakawa na kinywa kimoja, na wenye kinywa kimoja hawaishi nyumba moja. Ndovu akala, watu wakapiga mikebe, na miaka mingi ikapita bila yeyote kulala. Mwishowe kikongwe mmoja akamwendea Ndovu peke yake usiku. Akamwambia, "Sikuja kudai radhi, maana radhi hailipi karo. Ninachotaka ni usingizi." Ndovu akanyamaza, kisha akasema, "Hata mimi." Basi wakachimba chini ya barabara. Tangu siku hiyo Ndovu hupita chini, watu hupita juu.

Binamu yangu akauliza kama ndovu hagongi kichwa.

"Hapana, pako juu vya kutosha," nyanya akajibu. "Lakini anainama hata hivyo. Anainama kwa sababu anakumbuka alichokula."

"Na sisi wa juu?"

"Ninyi wa juu mpunguze mwendo. Chini yenu anapita mwenye njia."

Miaka ikayoyoma. Nyanya alituacha mwaka 2019, Mungu amlaze mahali pema. Mwaka 2024, nikiwa nyumbani kwa likizo ya chuo, mdogo wangu wa gredi ya nne alikuwa akilia kwa kukosa la kufanya siku ya mvua. Nikakumbuka akiba yangu. Nikakitafuta kipindi kwenye simu, tukajifunika blanketi moja kwa baridi ya Timau mnayoijua, tukatazama.

Nakuhakikishia, msomaji, rangi hazijapauka. Zile nukta na mistari ya michoro, ambazo utotoni nilizipita bila kuziona, sasa zilinifanya nisimamishe simu mara kwa mara ili nizitazame. Vichekesho bado vinachekesha. Jambo moja lilinishangaza: kila sehemu ni ya dakika kama kumi na moja tu, nami kumbukumbu yangu ilikuwa imeipa adhuhuri nzima. Kisha tukafika kwa ndovu.

"Ngoja sasa," nikamwambia mdogo wangu. "Ndovu atafika barabarani. Ataongea na kile kikongwe."

Tukangoja. Ndovu akapata mkonga wake, muziki ukapigwa, kipindi kikaisha.

"Barabara iko wapi?" mtoto akauliza.

Mama alikuwa akimenya viazi karibu nasi. Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Barabara ni ya nyanya yako," akasema. "Haikuwa kwenye runinga hata siku moja."

Basi nikaelewa kwa nini ile dakika kumi na moja ilikuwa adhuhuri nzima. Nilichokuwa nimekihifadhi miaka yote ni kipindi pamoja na majibu yake. Katika zile sehemu nilizozirudia sikuona shamba la mahindi, wala mtu aliyekosa karo kwa ajili ya njaa ya ndovu. Wala sikilaumu kipindi kwa hilo; kilitengenezwa kifurahishe watoto wadogo wa nchi nyingi, na kazi hiyo kimeifanya vizuri. Kuleta ndovu mpaka Timau ilikuwa kazi ya mtu wa Timau, na nyanya aliifanya akiwa amekalia kochi la mjomba, kikapu kitupu miguuni.

Mara nyingi katika midahalo yetu ya chama husemwa kwamba runinga imeua hadithi za mekoni. Huenda ni kweli katika nyumba nyingi. Lakini mimi ni shahidi kwamba katika nyumba moja runinga iliuliza swali, na mzee akalijibu kwa kisaviini kipya, cha jambo lililotokea mwaka ule ule. Vitabu vyetu husema visaviini ni vya kale. Hiki nilikiona kikizaliwa. Kilichohitajika ni mzee apewe nafasi ya kuketi, na mtoto wa kumtafsiria.

Usiku ule nilichukua daftari nikaiandika ngano ya nyanya yote. Kesho yake nikaenda kumsomea mama mdogo, yule ambaye kidato chake cha tatu kililiwa. Alisikiliza kwa utulivu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umekosea. Mama alisema ndovu anainama?"

"Ndiyo, mama mdogo. Nilikuwepo."

"Basi kwako aliisema hivyo. Mimi aliniambia ndovu hainami. Anapita chini kichwa juu, kwa maana ndovu hajui kwamba alinila mimi. Anayejua ni sisi."

Sikubishana naye. Mwalimu wa fasihi angesema kwamba hadhira ikibadilika, ngano nayo hubadilika. Mtoto wa miaka saba alihitaji ndovu mwenye haya. Binti aliyeachwa na wenzake shuleni hakuhitaji kudanganywa. Nyanya alijua hilo bila kusomea. Niligeuza ukurasa, nikaandika na mwisho wa mama mdogo, nikaweka tarehe.

Kwa hivyo, ndugu wanachama, Timau yetu ina ngano mbili. Ya kwanza hulimwa kwa tingatinga, na mvua ikikataa mwaka huu twaweza kungoja mwaka ujao. Ya pili hulimwa kwa ulimi. Hiyo mwenyewe akiondoka, shamba lote huondoka naye. Hii ya nyanya ilibaki katika vichwa vitatu tu: cha mama, cha mama mdogo na changu, nacho kila kichwa kilikuwa na kipande chake. Likizo hii mkikaa kutazama chochote mkipendacho, mwiteni mzee akae nanyi. Akiuliza, "Anasema nini huyo?" mtafsirieni bila haraka. Kisha wekeni kalamu karibu, maana jibu lake halitarudiwa kesho saa ile ile.

Wasalaam.