Arusi yetu chini ya migomba



Katika mkutano wa juma lililopita mama mmoja alisimama akauliza kama si haya kwa mzazi kuoza binti mwenye diploma bila ukumbi. Kijana yuko tayari, mali imekwisha kutolewa, lakini kamati ya arusi imeandika bajeti ambayo jamaa haiwezi kuifikia, na yeye anawaza kukopa katika sanduku la kijani la muso. Wengi walimjibu. Mimi nilinyamaza, nikajifanya ninatafuta kalamu katika mfuko. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu, na ndani yake mna machozi yangu na ya mama yangu. Ndilo hili.

Nilikutana na bwana yangu ISP, hapa Bukavu, kwa sababu ya silabusi. Waliosoma wanajua: silabusi inanunuliwa, na asiyekuwa nayo anabaki kuomba-omba kwa wenzake usiku wa mtihani. Yeye alikuwa kijana wa Idjwi, mwembamba, kiatu kimoja kimeshonwa upande. Alikuwa na nusu ya bei, nami nilikuwa na nusu. Tukanunua moja. Tukapatana kwamba ataishika mwanzo wa juma, nami nitaishika siku zinazobaki.

Kila zamu yangu ilipofika nilikuta ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi, akifafanua mahali pagumu. Mwanzoni ilikuwa masomo tu. Kisha siku moja, kando ya ukurasa wa saikolojia ya mtoto, nilikuta maneno mawili: "Umekula leo?" Nilicheka peke yangu mpaka dada yangu akauliza kuna nini. Sikumwandikia jibu. Siku ya kumrudishia silabusi nilimpelekea mihogo ya kuchemsha na karanga katika karatasi. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na silabusi ile tunayo mpaka leo, panya wamekula jalada.

Tulimaliza, tukaanza kufundisha. Mimi nilipata shule mjini. Yeye alifundisha bila matrikule, maana yake bila mshahara wa serikali, akiishi kwa prime ya wazazi, na mnakumbuka prime ile ilikuwa inafika namna gani. Alingoja miaka kabla ya kutuma wazee wake kwetu. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, basi baba mdogo ndiye aliyeketi na wageni. Walizungumza toka asubuhi hadi jua kuzama. Kuhusu ng'ombe na mbuzi sitaeleza mengi, kila nyumba ina siri zake. Niseme tu kwamba baba mdogo alianza juu sana na mama yangu alikohoa mara mbili jikoni, naye akashuka.

Tulianza na komini. Hilo nililisimamia mimi mwenyewe, na wasichana wa leo nawaomba walisimamie vilevile, kwa sababu nimeona wajane wawili katika mtaa wetu wakitolewa nyumbani na shemeji zao kwa kukosa karatasi. Afisa wa eta sivili alituuliza mbele ya mashahidi tunachagua njia gani ya kushika mali: kila mtu na yake, au kuunganisha tutakayochuma tukiwa pamoja, au kuunganisha yote. Mashahidi walicheka, wakadhani ni swali la matajiri. Sisi tulikuwa na godoro moja na sufuria tatu. Tulichagua ile ya kati, tukatia sahihi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hana tena lazima ya ruhusa ya bwana ili atie sahihi mbele ya sheria. Nilikuwa nimelisoma hilo, na kalamu ilikaa vizuri mkononi.

Taabu ilikuja na karamu. Kamati ilitaka ukumbi, viti vilivyovikwa vitambaa, maua ya plastiki, gato ya ghorofa, gari lenye riboni, na kanzu ya kukodi. Walioahidi mchango walikuwa wengi katika daftari na wachache katika bahasha. Majuma matatu kabla ya siku, mwenye ukumbi alitupa tarehe yetu kwa watu wengine waliolipa yote mara moja. Mama alisema tutakopa. Alikuwa mshiriki wa muso tangu zamani, hakuwa ametoa deni lolote baya, nao wangemwamini. Dola 600.

Tulienda wawili kwa mama kiongozi wa muso. Alitusikiliza, akatupa chai. Kisha akaniangalia mimi, si mama.

"Mwalimu, sanduku la kijani linakopesha kitu chenye kuzaa. Mbegu, samaki wa kuuza, cherehani. Arusi yako itazaa makuta kwa miezi sita?"

Nikasema hapana.

"Basi utalipa na nini?"

Mama alikasirika akasimama kabla ya chai kuisha. Njiani hakunisemesha. Mimi nililia, na si kwa sababu ya kukataliwa. Nililia kwa kuwa nilijua yule mama ana haki, na nilikuwa nataka kanzu ile.

Jioni bwana yangu alimpigia mama yake simu kisiwani. Mama mkwe wangu hakusoma. Alinyamaza kidogo, akasema kwa Kihavu, naye bwana akanitafsiria: "Migomba tunayo, mananasi tunayo, watu tunao. Mnatafuta nini huko?"

Niliposikia hivyo moyo wangu ulitulia. Wa mama yangu uliwaka. "Nilikuuzia sambaza sokoni miaka kumi ili usome," akasema, "leo unaolewa katika shamba kama mtu aliyetoroshwa?" Akasema pia kwamba yeye haendi. Sababu ya pili hakuitaja, lakini sisi watoto wake tuliijua. Mama aliuza samaki wa ziwa Kivu maisha yake yote, na hakuwahi kupanda mashua. Ndugu yake alizama akiwa kijana, na tangu siku hiyo mama alikuwa anangoja samaki ukingoni, akiwa amelipa mgongo maji.

Nilitangulia kisiwani siku mbili kabla, Agosti 2018, wakati wa jua, shule zimefungwa. Nilikuta kazi imeanza. Vijana walikuwa wamekata migomba mizima, majani yote juu yake, wakaisimamisha pande mbili za njia toka barabara mpaka kiwanja. Kwetu Kivu kila mtu akiona migomba imesimamishwa hivyo anajua kuna sherehe pale, hana haja ya karatasi ya mwaliko. Wamama walifunga matao ya matete kwa kamba za maganda ya migomba, wakachomeka matawi ya kahawa yenye majani yanayong'aa, na maua meupe yale ya bondeni yenye umbo la tarumbeta. Chini walitandika nyasi mpya, hata kiwanja chote kikanukia. Mzee mmoja aliketi kutwa akisuka majani ya migomba kuwa kama pazia, nyuma ya mahali tutakapokaa. Hakuna aliyelipwa. Walikula maharagi na bugali, wakaenda, wakarudi kesho.

Mama mkwe alikuwa na neno moja tu alilogombania na vijana. Migomba miwili ya mlangoni kabisa hakutaka ikatwe. Ing'olewe na mizizi yake, ifukiwe kwa udongo. Walinung'unika, lakini walichimba.

Siku ya posho asubuhi nilivaa kanzu niliyoshoneshwa na rafiki yangu kwa kitambaa cheupe cha soko, rahisi, mikono mirefu. Kichwani wasichana walinifungia majani madogo na maua. Nilijitazama katika kioo cha kutundika, nikaona ninafanana na mtu ninayemjua. Kule kwa kukodi nilikuwa nimejaribu kanzu nikafanana na gato.

Mashua ya jamaa yangu ilikuwa ifike saa nne. Ilifika karibu saa sita. Tulisimama ukingoni, mimi na maua yangu, bibi arusi anayengoja badala ya kungojewa. Wakaanza kushuka: baba mdogo, shangazi, walimu wenzangu wakiwa wameshika viatu mkononi. Mwisho kabisa, katikati ya vijana wawili, nikaona kikwembe cha mama. Alikuwa amejifunika kichwa chote, macho pia, kama mtu anayejikinga na moshi. Walinieleza baadaye kwamba alipanda akashuka mara mbili Bukavu, na hiyo ndiyo ilichelewesha mashua. Mara ya tatu alipanda akasema, "Ondosheni kabla sijafikiri."

Mama mkwe aliingia majini mpaka magotini, akampokea mkononi. Hawakuwa na lugha moja vizuri, mmoja Mshi na mwingine Muhavu, lakini lugha hizo ni dada, zinasikilizana. Sijui walisemezana nini. Walipanda kilima wakiwa wameshikana, polepole, na mama alipofika kwenye njia ya migomba alifunua kichwa. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akagusa jani.

"Nani alifanya hii yote?" akauliza.

"Watu," mama mkwe akajibu.

Baada ya baraka katika kanisa dogo tulikula mbuzi, sombe, sambaza za kukaanga, ndizi, na mananasi mengi mpaka watoto wakapata vidonda vya midomo. Wazee walikuwa na kasiksi yao pembeni. Mvua haikunyesha, ila upepo wa saa tisa uliangusha tao moja juu ya baba mdogo akiwa katikati ya hotuba, na hotuba ikaisha mapema, jambo ambalo hakuna aliyelisikitikia. Picha ni chache na nyingi zimepotoka, kwa kuwa mpiga picha alikuwa shemeji na simu yake. Jumatatu tuliamka bila deni. Bahasha zile chache tulilipia miezi mitatu ya chumba Bukavu, na zilizobaki nikanunua cherehani ya mkono wa pili, ambayo inatulisha mshahara unapochelewa.

Sitasema haikuniuma. Mwenzangu mmoja wa shule aliniuliza tulikodi wapi pori lile. Nilicheka naye, nikaenda chooni kulia.

Migomba iliyokatwa ilinyauka kabla ya juma kuisha. Ile miwili ya mlangoni ilishika. Sasa ni shina zima la watoto na wajukuu, na kila mkungu ukikomaa mama mkwe anautuma kwa mashua, jina la mama yangu limeandikwa kwa kaa juu ya gunia. Mwezi uliopita mama alishuka mwenyewe bandarini kuupokea. Akagombana na mbebaji juu ya bei, akamwambia asimdanganye kuhusu safari ile, yeye anaijua.