Watoto walio kambini na kodi ya Marekani

Tangu mwezi wa pili simu za familia yetu zilikuwa na jambo moja tu: kodi ya mdogo wangu aliye Marekani. Nimeona niandike juu yake, kwa kuwa hapa Uvira, kule Fizi na ndani ya kambi ya Nyarugusu nyumba nyingi ziko na mtu kule, na kila mwaka tunamupigia tukiuliza kama "pesa ya kodi" imetoka ao bado.

Kwanza tusikilizane juu ya neno lenyewe. Kwetu ukisema kodi, mtu anawaza tiketi ya soko ao barieri ya barabarani. Mwenye mshahara anajua IPR, lakini ile mwajiri ndiye alikuwa anaikata na kuitangaza kila mwezi, mbele ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mfanyakazi hakuandika kitu. Marekani pia mwajiri anakata kwa kila mshahara, lakini mwaka ukiisha mfanyakazi mwenyewe anaandikia ofisi ya kodi, IRS, kwenye fomu 1040: nilipata kiasi hiki, nilikatwa kiasi hiki, niko na watu hawa nyumbani. Kama alikatwa kupita deni lake, anarudishiwa. Kwa mtu kama mdogo wangu, ile tunayoita zawadi ya serikali ni jasho lake mwenyewe.

"Niko na watu hawa nyumbani." Shida yetu ilianzia hapo.

Mdogo wangu aliondoka Nyarugusu akiwa kijana, ndani ya dosye ya mama yetu. Mwaka 2022 alirudi kutembelea, akafunga ndoa. Mke na watoto wawili wangali kambini. Mke ameshaombewa, dosye inatembea polepole. Sasa kuna mtu kule anayewajazia watu kodi kwa malipo. Alimwambia mdogo wangu: weka alama kwamba hujaoa, kwa kuwa mke hayuko hapa, halafu tuandike watoto wawili, namba zao nitazitafuta mimi. Alimwahidi zaidi ya dola 3,000 juu ya haki yake, naye akate fungu lake. Kuhusu kutia sahihi kwenye fomu, alisema hatatia.

Shemeji aliposikia, alinipigia kutoka kambini. "Shemeji, mwambie akubali. Batoto ni ba kwake, haiko bongo."

Sikumcheka, hata sasa simcheki. Watoto ni wa mume wake kweli, yeye ndiye anawalisha, na mgao wa chakula kambini umepunguzwa. Lakini sheria ya kule inataka kujua mtoto amelala wapi. Ili mzazi apate punguzo la mtoto, ambalo kwa mwaka 2024 lilifika dola 2,000 kwa kila mmoja, mtoto awe amekaa naye zaidi ya nusu ya mwaka, na awe na namba yake ya Social Security. Ndugu unayemtunza nje, hata akiwa mama mzazi aliye Bukavu, haandikwi kama si raia wala mkaaji wa Marekani. Wanaokaa Kanada na Meksiko tu ndio wana ruhusa yao ya pekee. Pesa tunazotumiwa kila mwezi hazipunguzi kodi ya anayezituma hata senti moja. Jambo hilo linauma, na sikupata njia ya kulifanya lisiume.

Na ile alama ya kuwa hajaoa? Nilihesabu mara mbili, kwa sababu sikuamini. Kwa mwaka 2024 mtu asiyeoa aliachiwa dola 14,600 za kwanza bila kodi. Aliyeoa na anayejiandikia peke yake aliachiwa vilevile 14,600, na kwa mshahara wa kiwandani viwango vyao ni sawa. Angesema uongo na asipate kitu.

Angepata hatari. Anayemwombea mke wake sharti ajaze fomu I-864, akionyesha kwamba ana uwezo wa kumtunza, na pamoja nayo anatoa kodi ya mwaka wa mwisho. Fikiria ofisa anaweka karatasi mbili mezani, sahihi ni ya mtu mmoja: hii inasema nina mke Nyarugusu, hii inasema sijaoa. Nilimwambia shemeji kwamba karatasi ile ya kodi itafika mbele ya mtu atakayemuuliza yeye maswali. Alinyamaza. Halafu akasema, "Basi tungoje."

Juu ya watoto walioandikwa kwa ujanja, adhabu iko: kunyimwa punguzo hilo miaka 2 kwa aliyedharau sheria, miaka 10 kwa aliyedanganya. Anayebeba ni mwenye fomu. Anayelipwa kujaza analazimishwa kutia sahihi na namba yake, PTIN, akikataa, ondoka.

Mdogo wangu alienda kwa watu wa VITA, wanaojitolea na waliofanya mtihani wa IRS. Hawalipishwi. Alikuwa amefanya kazi mahali pawili mwaka ule, kwa hiyo alihitaji W-2 mbili, na moja ilipotelea kwenye anwani yake ya zamani. Hapo watu wengi wanaandika ile moja iliyo mkononi, ijapokuwa IRS inapata nakala zote kutoka kwa waajiri. Yeye aliomba nakala nyingine, akangoja. Mwisho ni tarehe 15 mwezi wa nne. Fomu 4868 inaongeza muda wa kuandika mpaka tarehe 15 mwezi wa kumi, lakini mwenye deni analipa mwezi wa nne vilevile; asiyeandika wala kuomba muda anaongezewa 5% ya deni kwa kila mwezi, mpaka 25%.

Aliandika tarehe 7, ameoa, peke yake, bila mtoto. Alirudishiwa dola 640. Mia mbili zilienda Nyarugusu. Nakala ya fomu ameitia ndani ya bahasha moja na cheti cha ndoa.