Darubini ya Marehemu Baba

Darubini ninayotaka kuwaeleza si ile ya kutazamia nyota, bali ni ile fupi ifungwayo juu ya bunduki. Kazi ya marehemu baba ilikuwa kuwafuatishia wawindaji nyayo za nyama katika pori la Maswa. Mwaka 1973 Serikali ilipofunga uwindaji, mgeni mmoja alirudi kwao na bunduki yake, akamwachia baba darubini iliyokwisha kuingia ukungu. Baba akaitia sandukuni. Mwaka jana mama aliitoa, akaniambia, "Mwanangu, itazame hii."

Hapa Bariadi sikupata fundi wa kazi hiyo, basi nikaianza mwenyewe. Pete zilizoshikana kwa kutu nilizitia mafuta ya taa siku tatu, ndipo zikakubali kufunguka. Kioo cha mbele hupindua kila kitu, miguu ikawa juu; vile vya katikati ndivyo viigeuzavyo sura ikasimama sawa. Nilidhani nitakumbuka mpangilio wake. Sikukumbuka. Nilipovirudisha sikuona ila ukungu, kwa kuwa kimoja nilikuwa nimekitia nyuma mbele.

Mtu wa mkoa wa Simiyu hakosi pamba, lakini pamba ya shambani haifai kusafishia kioo: ina nta yake, na vipande vya maganda hukwaruza. Niliichambua, nikaichemsha kwa magadi hata ikanywa maji, kisha nikaisuza mara nyingi.

Ikabaki bomba la chuma. Nilishika msasa niondoe kutu yote, na nusu ya kwanza ikang'aa. Nilipoligeuza, mama akanishika mkono. "Hapo usiguse."

Palikuwa na mistari saba, imekatwa kwa kisu.

"Ni ninyi," akasema. "Wa tatu hukumwona, alikufa kabla hujazaliwa. Wa nne ni wewe."

Nilikaa kitambo msasa mkononi. Kidogo tu ningalimfuta ndugu yangu, na alama nyingine yake hatuna.

Mahali pale nilipangusa kwa kitambaa tu. Penginepo nilipaka siki na chumvi, nikaacha kutu mpya nyekundu itoke, kisha nikalichemsha bomba zima katika maji ya mvua. Ajabu yake ni hii: kutu nyekundu ikichemshwa hugeuka nyeusi, ikashikamana na chuma na kukilinda. Nilifanya hivyo mara sita, kila mara nikifuta masizi yaliyolegea, mwisho nikapaka mafuta. Upande wa mistari una mashimo-mashimo, wala haupendezi. Lakini mistari yenyewe ilitoka nyeusi kuliko mahali pote.

Nilirudisha vioo, safari hii kwa alama za penseli, nikampa mama pale barazani. Nikamwonyesha kuweka jicho nyuma kidogo, kadiri ya upana wa vidole vinne. Alinyamaza kitambo, akiitazama mbuga.

"Waonaje, mama?"

"Naona ng'ombe wa jirani katika dengu zetu. Kimbia!"